Kolitisi, Crohn na Bima Inayokataa Kulipa: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Nairobi

Maswali huwa yale yale. Mtu ameharisha damu kwa miezi, ametibiwa amiba na taifodi mara kadhaa, mwishowe anapigwa kamera ya utumbo Upper Hill au Parklands na kuambiwa ana kolitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn. Kwanza anauliza atakula nini. Kisha anauliza kama atapona. Akishaonyeshwa bei ya dawa, anauliza swali ambalo daktari mwenye foleni ndefu hana muda wa kulijibu: nani atalipa?

Nimeandika haya hasa kwa ajili ya swali hilo la mwisho. Mimi mwenyewe naishi na kolitisi hapa Nairobi, na kila wiki mtu mpya hunijia na barua ya kukataliwa mkononi, amevunjika moyo, akidhani mambo yameisha. Hayajaisha. Anayeamua ombi lako hakuoni ukijikunja kwa maumivu saa nane za usiku. Anachokiona ni faili. Sehemu kubwa ya kazi yako ni kuhakikisha faili hilo limesema kila kitu.

Kuhusu ugonjwa wenyewe nitasema machache tu. Kinga ya mwili inashambulia utumbo, utumbo unavimba na kutoa vidonda. Kolitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana. Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Haiambukizi, haikuletwa na pilipili, na hujarogwa. Ni ya kudumu, huwa na vipindi vya kutulia na vipindi vya kuamka. Mpaka leo hakuna dawa ya kuiondoa kabisa, ila zipo dawa za kuituliza kwa miaka.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Faili moja la karatasi na nakala zake kwenye simu. Piga picha kila karatasi siku ile ile unayoipata.
- Ripoti ya kamera ya utumbo, pamoja na ripoti ya maabara ya vinyama vilivyokatwa wakati wa kipimo. Ni ripoti mbili tofauti, na watu wengi huondoka na moja tu.
- Matokeo ya damu na ya choo, hasa kalprotekini ya choo (kipimo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo) kama ulipimwa.
- Orodha ya dawa zote ulizowahi kutumia: jina, kipimo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na kwa nini uliacha.
- Kitambulisho, kadi ya bima, na uthibitisho kwamba SHA yako (bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ya serikali) imelipiwa.
- Mkataba kamili wa bima ya kibinafsi kama unayo. Kile kijitabu chenye picha za familia inayotabasamu hakitoshi.
- Daftari la dalili: umeenda choo mara ngapi, kama kulikuwa na damu, uzito wako, na siku ulizokosa kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha jina la ugonjwa limeandikwa sawasawa

Mambo mengi huharibikia hapa. Daktari anaweza kuwa anajua vizuri kwamba una kolitisi, lakini karani wa hospitali akaandika kwenye fomu ya madai kwamba ulikuja na kuhara. Ofisi ya bima inalinganisha tarakimu na herufi. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, Crohn ni K50 na kolitisi ya vidonda ni K51. Katika toleo la 11 ni DD70 na DD71. Ukikuta A09, umeandikiwa kuhara kwa maambukizi. Ukikuta K58, umeandikiwa tumbo linalosumbua bila vidonda wala uvimbe. Hakuna atakayeidhinisha dawa ghali kwa A09.

Kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, omba kuiona. Sema kwa upole: "Sista, naomba unisomee ugonjwa ulioandikwa hapa." Kama si sahihi, irudishwe kwa daktari papo hapo. Kuisahihisha baadaye huchukua wiki.

Jambo lingine kwetu sisi wa hapa: kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, hata kwenye kamera. Daktari akitaka vipimo zaidi kabla ya kuamua, mpe nafasi. Dawa za Crohn zinazoshusha kinga zinaweza kukiamsha kifua kikuu, na bima nayo itataka kuona kwamba jambo hilo liliangaliwa.

Hatua ya 2: Jua unasimama wapi

Kama uko SHA. Mamlaka hii ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, Oktoba 1, 2024, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Uanachama wa NHIF haukutosha. Ilibidi kujisajili upya. Hakikisha usajili wako kwa kupiga *147# au kupitia mtandao wa Afya Yangu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wake kisha huambiwa alipe kiasi gani kwa mwaka.

SHA ina hazina tatu: ya afya ya msingi, ya bima ya afya ya jamii, na ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Hii ya tatu huingia pale fungu la hazina ya pili linapokwisha. Kwa hiyo ukiambiwa "pesa yako imeisha," usiondoke. Uliza: "Na hazina ya magonjwa sugu je?" Uliza kwenye dawati la SHA hospitalini, na usiporidhika nenda Huduma Centre au makao yao makuu, Ragati Road.

Kama una bima ya kibinafsi au ya kazini, soma mkataba ukitafuta mambo manne. La kwanza ni kipindi cha kusubiri kwa magonjwa sugu na yale uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. La pili ni kikomo kidogo cha magonjwa sugu, ambacho mara nyingi kimefichwa ndani ya kile kikomo kikubwa ulichoambiwa na wakala. La tatu ni orodha ya visivyolipiwa. La nne, ambalo watu hulipita bila kulisoma, ni tofauti ya mgonjwa wa nje na wa kulazwa.

Nikae kidogo kwenye hilo la nne, maana limewakwamisha wengi. Infliksimabu, mojawapo ya dawa za kibayolojia (zinazotengenezwa kwa kutumia chembe hai ili kutuliza kinga), hutiwa kwenye mshipa kwa muda wa saa mbili hivi, kisha unaenda nyumbani. Je, hiyo ni matibabu ya nje au ya kulazwa kwa siku? Ikihesabiwa ya nje, kikomo chako cha nje kinaweza kumezwa na dozi moja na watoto wako wakakosa hata dawa ya kikohozi mwaka mzima. Ikihesabiwa kama kulazwa kwa siku, inaingia kwenye fungu kubwa zaidi. Uliza mapema, na uulize kwa barua pepe ili jibu libaki.

Hatua ya 3: Pata barua ya daktari inayobeba uzito

Barua ya mistari miwili yenye "mgonjwa huyu anahitaji dawa hii" itakataliwa. Usimlaumu daktari, mpelekee karatasi uliyoandika mambo muhimu, akague na kuandika kwa lugha yake. Barua iwe na:

1. Jina kamili la ugonjwa, tarakimu yake, tarehe uliyogunduliwa, na sehemu ya utumbo iliyoathirika.
2. Ukali wa sasa, ukithibitishwa na vipimo vyenye tarehe.
3. Dawa ulizokwisha kujaribu na zilivyoshindwa. Kwa kawaida ni mesalazini au salfasalazini, prednisoloni, kisha azathioprini. Kila moja iandikwe kipimo na muda wake.
4. Dawa inayoombwa, kipimo chake na ratiba.
5. Matokeo ya kupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Vipimo hivi hufanywa kabla ya dawa za kibayolojia, na kuvituma bila kusubiri kuombwa huokoa siku nyingi.
6. Kitakachotokea usipotibiwa: kulazwa, upasuaji, kuongezewa damu. Ofisi inaelewa kwamba upasuaji pia una gharama.

Kama dawa ni adalimumabu (nayo ni ya kibayolojia, ya sindano) na una Crohn, barua itaje kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Hoja ya "hii ni dawa ya majaribio" haina pa kusimama hapo.

Hatua ya 4: Omba idhini ya kozi nzima, si chupa moja

Fanya hesabu na daktari wako kabla ya kutuma ombi. Kipimo cha kawaida cha kuanzia cha infliksimabu ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 300, yaani chupa 3 za miligramu 100. Dozi tatu za mwanzo ni siku ya kwanza, wiki ya 2 na wiki ya 6, halafu kila baada ya wiki 8. Mwaka wa kwanza hufika dozi 8, sawa na chupa 24.

Ukiomba idhini ya dozi moja moja, kila mara utasubiri upya, na dawa hii ikicheleweshwa mwili unaweza kuanza kuikataa. Omba angalau dozi tatu za mwanzo pamoja, na ueleze kwa nini haziwezi kutenganishwa.

Uliza pia kuhusu dawa za kibayolojia zinazofanana na ile ya kwanza lakini zimetengenezwa na kampuni nyingine. Zimekaguliwa, zinafanya kazi ile ile, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Daktari akikubali, ziandike kwenye ombi kama chaguo la pili. Mara nyingine hilo tu ndilo hugeuza jibu.

Hatua ya 5: Wakikataa, wakatae kwa maandishi

Usikubali kamwe jibu la simu. Sema hivi: "Asante, dada. Naomba jina lako, nambari ya kumbukumbu ya simu hii, na barua pepe yenye sababu ya kukataliwa na kifungu cha mkataba." Kisha andika tarehe na saa kwenye daftari. Hata wakikwambia "mfumo uko chini," andika.

Kwa SHA, ambayo ni taasisi ya umma, una nguvu zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwathiri vibaya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Na Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7, kwa hiyo barua yako ya Kiswahili ni barua kamili.

Hatua ya 6: Andika rufaa

Fupi, yenye heshima, yenye viambatisho. Unaweza kuanzia hapa:

*Kwa Meneja wa Madai,*

*KUH: Rufaa dhidi ya uamuzi wa tarehe ____, nambari ya uanachama ____*

*Mlikataa kulipia ____ mkieleza kwamba ____. Sikubaliani na uamuzi huo. Ugonjwa wangu umethibitishwa na kipimo cha kamera cha tarehe ____ na ripoti ya maabara (kiambatisho 1 na 2). Nimekwisha kutumia ____ na ____ bila nafuu (kiambatisho 3). Daktari wangu bingwa ameeleza hatari ya kuchelewa (kiambatisho 4).*

*Naomba ombi langu lipitiwe upya na daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo, na nijibiwe kwa maandishi ifikapo ____. Mkiendelea kukataa, naomba mnitajie kifungu cha mkataba mlichokitegemea.*

Jibu ile sababu waliyotoa, na hiyo tu. Wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla ya kujiunga, onyesha tarehe. Wakisema si lazima kitabibu, onyesha dawa zilizoshindwa. Kurasa tano za uchungu wako, hata zikiwa za kweli zote, hupoteza hoja moja inayoshinda. Peleka nakala mbili ofisini kwa mkono ukiweza, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 7: Panda ngazi

Bima ya kibinafsi ikikaa kimya au ikakataa tena, lalamika kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, iliyoko Zep-Re Place, Longonot Road. Watataka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe, na hapo ile nakala yenye muhuri itakufaa. Hakuna haja ya wakili.

Kama ni bima ya kazini, pitia pia kwa afisa wa wafanyakazi na dalali wa bima wa kampuni. Mwajiri ndiye mteja mkubwa. Barua yake moja kabla mkataba haujahuishwa inaweza kufanya kazi kuliko zako kumi.

Kwa SHA, sheria ya 2023 imeunda baraza la kutatua migogoro. Ukizungushwa na taasisi ya umma bila jibu, ipo pia Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman, kwenye West End Towers, Waiyaki Way. Kama tayari ulilipa mwenyewe na unadai kurudishiwa fedha zisizozidi shilingi 1,000,000, muulize karani wa Mahakama ya Madai Madogo kama dai lako linaingia kwao.

Hatua ya 8: Ishi wakati unasubiri

Usiache prednisoloni ghafla, hata ukihisi umepona. Mwili huzoea kuitegemea. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Unayetumia azathioprini, usiruke vipimo vya damu. Ukiumwa kichwa au mgongo, usikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni, maana zinaweza kuamsha ugonjwa. Na kabla ya chanjo ya homa ya manjano ya safari, mwambie daktari kwamba unatumia dawa za kushusha kinga.

Chakula: hakuna orodha moja ya watu wote, na anayekuuzia orodha hiyo anataka pesa yako. Ugonjwa ukiwa umeamka, wengi huvumilia uji laini, wali, viazi vya kuponda, ndizi za kupika, mayai na supu ya kuku. Githeri na sukuma wiki yenye mashina magumu zisubiri utulie. Kula kidogo kidogo, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti yawe nyumbani daima.

Safari za mjini zinachosha, najua. Kaa kiti cha karibu na mlango wa matatu, beba sarafu za vyoo vya umma, nguo ya ndani ya akiba na karatasi. Kwenye Thika Road jioni hakuna pa kushuka, kwa hiyo ukiweza ondoka kabla ya msongamano. Hakuna aibu katika kupanga safari kwa kufuata vyoo.

Kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Huhitaji kumweleza msimamizi wako habari za choo chako. Cheti kinatosha.

Makosa yanayogharimu

Kuficha ugonjwa unapojaza fomu ya kujiunga na bima ni kosa kubwa kuliko yote. Wakala anaweza kukunong'oneza uache pengo. Kampuni ikigundua, inaweza kukataa hata madai yasiyohusiana na tumbo, na hapo rufaa yako itakuwa dhaifu sana.

Kuacha SHA ilale kwa sababu una bima ya kazini ni lingine. Kazi huisha, na bima yake huondoka nayo.

Kununua flajili kila ukiharisha damu. Pima choo kwanza. Ugonjwa unaweza kuwa umeamka, au una maambukizi juu yake, na tiba zake ni tofauti.

Kuacha dawa kwa sababu ya mitishamba au maombi. Omba, na unywe dawa.

Ukikwama

*Ombi "linashughulikiwa" kwa wiki kadhaa.* Muulize mtu wa bima hospitalini kama lilitumwa kweli, na lini. Mara nyingi limelala kwenye kompyuta ya hospitali na kampuni haijaliona.

*Hospitali haitoi nakala za faili.* Omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari zako za afya ni zako kuziona.

*Bima imekataa kamera ya ukaguzi kwa kuwa "huna dalili."* Walio na kolitisi iliyosambaa hukaguliwa saratani ya utumbo mpana kuanzia takriban miaka 8 tangu dalili zianze. Daktari aandike kwamba ni ufuatiliaji wa ugonjwa unaojulikana, wala si uchunguzi wa kawaida.

*Stima imepotea na sindano za adalimumabu ziko kwenye friji.* Zinahitaji nyuzi 2 hadi 8. Usifungue friji ovyo, na usiziweke kwenye barafu moja kwa moja. Zikiganda haziwezi kutumika. Stima ikichelewa, soma karatasi ya dawa ujue zinavumilia joto la nje kwa muda gani, kisha mpigie mfamasia.

*Dawa imeisha na idhini haijatoka.* Mjulishe daktari siku hiyo hiyo, usingoje kliniki. Anaweza kukupa dawa ya kukushikilia na kuandika barua ya dharura. Lakini ukienda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, au tumbo likivimba na kuuma bila kuachia, achana na barua na simu. Nenda chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, beba lile faili, na umwambie mtu wa kwanza utakayemkuta una kolitisi au Crohn na dawa unazotumia.